Santanina Rasul: Binti wa Sulu Aliyeifikisha Kalamu Seneti



Tarehe 28 Novemba 2024 alifariki dunia bibi mmoja mwenye umri wa miaka 94, ambaye jina lake halitajwi sana katika barza na majumba yetu. Aliitwa Santanina Tillah Rasul. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kuchaguliwa kuingia katika Seneti ya Ufilipino, nchi ambayo wakazi wake walio wengi mno ni Wakristo wa madhehebu ya Katoliki, nao Waislamu ni sehemu ndogo iliyojikusanya katika visiwa na nyanda za kusini. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tumeona vyema juma hili kuwasimulia akina mama, mabinti na wazee wa nyumba habari za maisha yake, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotugusa. Watu wa jamii ndogo, wanaoishi mbali na mji mkuu, huambiwa mara nyingi kwamba ama washike dini na mila zao wakae pembeni, ama waziache waingie katika mambo ya dola. Bibi huyu hakukubali kuchagua mojawapo. Njia aliyoipita haikuwa ya fedha wala ya silaha, ingawa alizaliwa katika nchi iliyojaa silaha. Ilikuwa njia ya kusoma na kuwasomesha wengine.

Visiwa vya watu wa mkondo

Ili kumwelewa hatuna budi kwanza kukijua kwao. Sulu ni mlolongo wa visiwa ulio baina ya kisiwa kikubwa cha Mindanao na nchi ya Borneo. Wenyeji wake wakubwa huitwa Tausug, na maana ya jina hilo ni watu wa mkondo wa bahari. Pamoja nao wapo Wasama, ambao wengi wao wamezoea kujenga nyumba zao juu ya nguzo, maji yakipita chini. Ni watu wa majahazi, uvuvi, lulu na mwani. Na hapa tutaje kiungo kimoja ambacho huenda wengi hawakijui: mwani unaolimwa leo na akina mama wa Zanzibar, mbegu yake ililetwa kutoka Ufilipino mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo yapo mavuno ya pwani hii ambayo asili yake ni bahari ile ile.

Uislamu ulifika Sulu mapema. Wenyeji husimulia kwamba mnamo mwaka 1380 mhubiri aliyejulikana kwa jina la Karim ul-Makhdum alijenga msikiti katika kisiwa cha Simunul, na msikiti wa mahali hapo unaheshimiwa hadi leo kuwa ndio wa kale kabisa katika Ufilipino. Katika karne iliyofuata ikasimama dola ya usultani wa Sulu, yenye biashara na China na visiwa vyote vya jirani. Wahispania walipokuja katika karne ya 16 na kuziteka sehemu za kaskazini, waliwaita Waislamu wa kusini Moro, jina walilowapa Waislamu waliopigana nao kwao Hispania. Jina hilo lilikuwa la dharau. Wenyewe baadaye wakalitwaa na kulifanya jina la fahari.

Wamarekani walipochukua mahali pa Wahispania baada ya mwaka 1898, mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mwezi wa Machi 1906, katika mlima wa Bud Dajo ulio karibu na mji wa Jolo, majeshi ya Marekani yaliwaua mamia ya watu waliokimbilia kileleni, wanawake na watoto wakiwamo. Habari ya mlima ule ilipokewa na wazee na kupelekwa kwa wajukuu. Ndiyo maana shule za serikali zilipofunguliwa, wazazi wengi wa Kiislamu walizitazama kwa shaka. Walihofu kwamba mtoto angeingia na dini yake na kutoka bila nayo. Hofu hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa kike. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa hawatahitaji kufafanuliwa, kwani pwani yetu nayo iliwahi kuzitazama shule za wakoloni na za wamishonari kwa jicho hilo hilo.

Msichana aliyepanda meli kwenda Manila

Santanina alizaliwa tarehe 14 Septemba 1930 katika visiwa hivyo. Alipokuwa na umri wa miaka 11, mwezi wa Desemba 1941, Wajapani waliuteka mji wa Jolo, na utoto wake ukaingia katika vita vya dunia. Ufilipino ilipopata uhuru wake mwaka 1946, alikuwa bado hajatimiza miaka 16.

Alikuwa na kiu ya masomo, na masomo ya juu yalikuwa mbali. Msichana wa Kiislamu kutoka Sulu wakati ule, kwenda kukaa katika mji mkuu miongoni mwa watu wa dini nyingine na lugha nyingine, halikuwa jambo la kawaida. Hata hivyo alikwenda. Mwaka 1952 alihitimu kwa heshima katika Chuo Kikuu cha Ufilipino, akiwa na shahada ya elimu ya siasa. Miaka mingi baadaye aliongeza shahada ya uzamili katika masuala ya usalama wa taifa, kutoka Chuo cha Ulinzi cha Taifa.

Aliolewa na Abraham Rasul, mtu wa kwao, ambaye naye alilitumikia taifa hadi akafikia daraja ya ubalozi. Mmoja wa watoto wao, Amina, ni mtu mashuhuri kwa juhudi zake za amani na za kuwaunga mkono wanawake wenye elimu ya dini.

Bibi Santanina hakurukia vyeo vikubwa. Aliporudi kwao aliingia kwanza katika baraza dogo la mtaa mjini Jolo, na baadaye katika baraza la mkoa wa Sulu. Huko chini ndiko anakokutana mtu na matatizo halisi: kisima kilichokauka, hati ya shamba inayogombaniwa, mjane asiyejua ni ofisi gani ya kuendea. Na huko ndiko alikokutana, tena na tena, na kidole gumba. Watu wazima waliletewa karatasi, wakachovya kidole katika wino na kukiweka pale walipoonyeshwa, pasi na kujua karatasi ile inasema nini.

Magbassa Kita

Kazi aliyoianzisha kupambana na hali hiyo iliitwa Magbassa Kita. Ni maneno ya lugha ya Kitausug, na kwa Kiswahili tungesema: Natusome. Ilikuwa mpango wa kuwafundisha watu wazima wa jamii za Kiislamu kusoma, kuandika na kuhesabu, na baadaye ikawa taasisi yenye jina hilo hilo.

Jina lenyewe lilikuwa na hekima. Halikusema someni, kana kwamba mwalimu amesimama juu na wanafunzi wamekaa chini. Lilisema natusome, sote. Na lilisemwa kwa lugha ya nyumbani. Mwanafunzi hakulazimishwa kwanza kujifunza lugha ya mji mkuu ndipo afundishwe herufi. Alianza na maneno ambayo mama yake alimwimbia nayo, akiyagawa katika silabi, kisha akiziunga silabi hizo kuwa maneno mengine. Yeyote aliyepita chuoni akafundishwa kuziunganisha herufi na irabu zake ataona kwamba njia hiyo si ngeni kwetu. Akiisha kuizoea lugha yake katika maandishi, kuvuka kwenda lugha nyingine huwa rahisi.

Tena kazi hii iliitibu ile hofu ya wazee tuliyoitaja. Mwalimu alikuwa Mwislamu mwenzao. Hakuna aliyeweza kusema kwamba bibi huyu, binti wa Sulu, alikuja kuwaondoa watu katika dini. Neno la kwanza aliloteremshiwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, lilikuwa amri ya kusoma. Kwa hiyo mwanamke wa makamo anayejifunza herufi zake za kwanza haachi mila yoyote. Anarudi kwenye mwanzo wa mambo.

Lipo jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni upesi. Katika Ufilipino ya miaka ile, na hadi mwaka 2010 nchi hiyo ilipoanza kutumia mashine katika uchaguzi wa taifa, mpiga kura hakuweka alama mbele ya jina. Alipewa karatasi yenye mistari mitupu, naye akaandika kwa mkono wake mwenyewe majina ya wale anaowataka. Asiyejua kuandika alihitaji mtu wa kumwandikia, na anayeandikiwa hana hakika ya kilichoandikwa. Katika nchi yenye utaratibu wa namna hiyo, kumfundisha mama wa kisiwani kuandika ni kumkabidhi kura yake.

Moto wa Jolo na uchaguzi wa 1987

Mwaka 1972 Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi. Upande wa kusini vita vilizuka baina ya serikali na Harakati ya Ukombozi wa Taifa la Moro, iliyoongozwa na Nur Misuari, kijana wa Kitausug aliyesoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ufilipino. Mwezi wa Februari 1974 mapigano yaliingia ndani ya mji wa Jolo, na mji ukateketea. Maduka, nyumba na misikiti viliungua, na maelfu ya watu wakakimbilia baharini na katika visiwa vya jirani. Kazi ya kuwafundisha watu herufi ilipaswa kuendelea juu ya majivu hayo.

Mwezi wa Februari 1986 wananchi walijaa katika njia za Manila na Marcos akaondoka. Corazon Aquino, mjane wa mpinzani aliyeuawa, akawa rais. Katiba mpya iliidhinishwa mapema mwaka 1987, na mwezi wa Mei mwaka huo ukafanyika uchaguzi wa Seneti iliyofufuliwa. Santanina Rasul aliwekwa katika orodha ya wagombea waliokuwa upande wa Rais Aquino.

Hapa ni lazima tueleze jinsi Seneti ile inavyochaguliwa, maana ndipo ugumu ulipo. Seneta wa Ufilipino hawakilishi mkoa wake. Anachaguliwa na nchi nzima. Viti ni 24, na mwaka ule vyote vilikuwa wazi. Hata kama kila Mwislamu mwenye haki ya kupiga kura angemwandika Santanina Rasul, kura hizo zisingemtosha hata kidogo. Ilibidi Wakatoliki wa Manila, wakulima wa Luzon na wavuvi wa Visayas, watu ambao wengi wao hawakupata kuingia nyumba ya Mwislamu, waliandike jina hilo kwa mikono yao. Nao wakaliandika, kwa mamilioni.

Katika Seneti hiyo ya watu 24, wanawake walikuwa wawili tu: Leticia Ramos-Shahani na yeye. Waislamu pia walikuwa wawili: Mamintal Tamano na yeye. Hivyo alihesabiwa katika kila kundi la wachache. Mwaka 1992 aligombea tena, akashinda tena. Kwa utaratibu maalumu wa mwaka ule, washindi 12 wa juu walipewa miaka sita na 12 waliofuata wakapewa miaka mitatu. Yeye alikuwa katika kundi la pili, akatumikia hadi mwaka 1995.

Sheria zilizoingia majumbani

Katika Seneti aliziongoza kamati zilizohusu wanawake na familia, na utumishi wa umma. Tutazitaja sheria tatu ambazo alikuwa na mkono mkubwa katika kuziandika.

Ya kwanza, ya mwaka 1990, iliitambua tarehe 8 Machi kuwa siku ya wanawake katika taifa lile. Ya pili, ya mwaka huo huo, iliwahusu watumishi wa serikali walioajiriwa kwa muda na kuachwa katika hali hiyo miaka nenda miaka rudi. Sheria ilisema kwamba aliyetumikia vyema kwa jumla ya miaka saba apewe sifa ya kuthibitishwa katika utumishi. Tunaowajua walimu na makarani walioshikilia barua za muda hadi mvi zikawatoka tutafahamu uzito wa jambo hili kwa nyumba zilizotegemea mshahara huo.

Ya tatu ndiyo kubwa zaidi. Ni Sheria Nambari 7192 ya mwezi wa Februari 1992, inayohusu wanawake katika maendeleo na ujenzi wa taifa. Ilisema kwamba mwanamke aliyetimiza umri wa utu uzima, awe ameolewa au hakuolewa, ana uwezo sawa na mwanamume wa kufunga mikataba, kukopa na kuweka rehani. Ilisema kwamba mke ana haki sawa na mume ya kuomba pasipoti na hati za safari bila kulazimika kuleta idhini ya mwenzake. Ilitaka sehemu kubwa ya misaada ya nchi za nje itengwe kwa miradi inayowanufaisha wanawake. Ilimruhusu mke au mume anayeshughulika na kazi za nyumbani tu kujiunga na mifuko ya akiba na bima ya serikali kwa kutumia kipato cha mwenzake anayefanya kazi, mwenzake akikubali. Yaani dola ilikiri kwa maandishi kwamba kupika, kufua, kulea na kuuguza ni kazi, na kwamba afanyaye kazi hiyo naye atazeeka na kuhitaji akiba.

Sheria hiyo hiyo ilifungua vyuo vya kijeshi kwa wasichana. Chuo kikuu cha kijeshi cha taifa kilichoko Baguio kiliwapokea wasichana wa kwanza mwaka 1993, nao wakahitimu mwaka 1997. Mwaka 1999 aliyeongoza darasa zima alikuwa msichana. Wapo miongoni mwetu ambao hawatapenda binti zao wawe askari, na hilo ni shauri la kila nyumba. Lakini tukumbuke kwamba aliyeisukuma sheria hii alitoka mahali ambapo jeshi lilijulikana kwa mizinga yake. Ni watu gani wanaingia katika jeshi hilo, na kwa malezi gani, halikuwa swali la kinadharia kwake.

Huenda msomaji akajiuliza: je, si mambo ya kigeni haya, aliyoyabeba Mwislamu? Tuyatazame kwa utulivu. Sheria za kiraia ambazo Ufilipino iliurithi msingi wake kutoka kwa Wahispania ndizo zilizomweka mke chini ya idhini ya mume katika mali na mikataba. Katika sheria yetu ya dini, mali ya mwanamke ni yake kabla ya ndoa na ndani ya ndoa. Mahari ni yake, urithi wake ni wake, na biashara yake ni yake. Bibi Khadija, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alikuwa na misafara yake. Kwa hiyo sheria ya mwaka 1992, katika jambo hili la mali, iliwafikisha wake wa Kikatoliki mahali ambapo mwanamke wa Kiislamu alitakiwa awe amekwisha kuwapo kwa karne nyingi. Tunasema alitakiwa, kwa kuwa tunajua vyema kwamba haki iliyomo vitabuni haifiki jikoni kwa miguu yake yenyewe. Ni wangapi hapa kwetu waliotia kidole gumba katika karatasi ya mirathi bila kusomewa?

Tena Waislamu wa Ufilipino wana mahakama zao za ndoa, talaka na mirathi, zilizowekwa kwa amri ya mwaka 1977, kama sisi tulivyo na mahakama za Kadhi. Mwanamke anayejua kusoma huingia mahakamani humo akiwa na hati yake mkononi na akijua imeandikwa nini.

Mezani pa suluhu

Katika miaka ya Rais Fidel Ramos, serikali na Harakati ya Ukombozi wa Taifa la Moro walirudi katika mazungumzo, Indonesia ikiwa mwenyeji na jumuiya ya nchi za Kiislamu ikiwa msimamizi. Santanina Rasul aliingia katika ujumbe wa mazungumzo kwa upande wa serikali.

Hapa paliuma. Waliokaa upande wa pili wa meza walikuwa watu wa lugha yake, wa visiwa vyake, na baadhi yao walikuwa na makaburi ya jamaa waliouawa na jeshi la serikali ile ile. Ni rahisi kumwambia mtu aliye mahali kama hapo kwamba amewauza watu wake. Ni rahisi pia kwa wakubwa wa Manila kumtilia shaka kwamba moyo wake uko ng'ambo. Kila mwanamke aliyewahi kuolewa katika ukoo wenye ugomvi na ukoo wake wa asili anaijua nafasi hiyo: huaminiwa nusu na kila upande, lakini asipokuwapo hakuna wa kupeleka maneno.

Tarehe 2 Septemba 1996 mapatano ya mwisho yalitiwa saini mjini Manila. Wapiganaji 7,500 wa Moro walipangiwa kuingizwa katika jeshi na polisi, na Nur Misuari akawa gavana wa jimbo la Waislamu lenye mamlaka yake. Si kila kilichoahidiwa kilitimia. Mwaka 2001 mapigano yalirejea Jolo, na mwaka 2013 mji wa Zamboanga ulishuhudia siku nyingi za umwagaji damu. Kundi jingine kubwa, Harakati ya Kiislamu ya Ukombozi wa Moro, lilikuwa na mazungumzo yake, yaliyozaa mapatano ya mwaka 2014. Mara hiyo aliyeuongoza ujumbe wa serikali na kutia saini alikuwa mwanamke, Miriam Coronel-Ferrer. Hakuna aliyeshangaa tena kumwona mwanamke katika meza ile.

Kutokana na mapatano hayo lilizaliwa jimbo jipya la Bangsamoro mwaka 2019. Lakini mwezi wa Septemba 2024 Mahakama ya Juu ya Ufilipino iliamua kwamba mkoa wa Sulu si sehemu ya jimbo hilo, kwa sababu wakazi wake walilikataa katika kura ya maoni. Kabla ya miezi mitatu kupita Bibi Santanina alifariki. Visiwa vyake vilikuwa bado vinatafuta mahali pao.

Kiti kilichokaa kitupu

Tungependa kuyamaliza masimulizi haya kwa furaha tupu, ila ukweli hauturuhusu. Baada ya Santanina Rasul kuondoka katika Seneti mwaka 1995, hakuna Mwislamu aliyekaa humo kwa muda wa miaka 27. Walijaribu baadhi, wakashindwa na ule ule ugumu wa kuchaguliwa na nchi nzima. Mwaka 2022 aliingia Robin Padilla, mwigizaji wa filamu aliyesilimu, tena akiongoza kwa kura. Mwislamu wa kuzaliwa katika jamii za kusini hajarudi katika Seneti tangu bibi huyu. Na mwanamke wa Kiislamu, wa pili baada yake, hajapatikana hadi leo.

Hilo linatufundisha kwamba mtu mmoja akipasua njia, nyasi hazichelewi kuifunika asipofuatwa. Tumekuwa na mazoea ya kusherehekea mwanamke wa kwanza: wa kwanza kuwa hakimu, wa kwanza kuwa daktari, wa kwanza kuchaguliwa. Tunampiga picha na kumwandikia makala kama hii. Swali la kuulizwa mwaka unaofuata ni nani anaandaliwa kuwa wa pili, na anaandaliwa wapi.

Bibi Santanina alilijibu swali hilo alipoanza na wale wa chini kabisa. Majumbani mwetu wamo akina mama na akina bibi waliohitimu msahafu mara kadhaa, sauti zao nzuri, matamshi yao safi, lakini fomu ya hospitali au barua ya shamba huwapa watoto wawasomee. Wamo pia mabinti wanaosafiri kwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba, mahali wanapokutana na dada zao wa Kifilipino, wakiwa wametia saini mkataba ambao hawakuusoma hadi mwisho. Mwenye macho ya herufi za Kiarabu hashindwi na herufi nyingine akipata mtu wa kukaa naye nusu saa baada ya Alasiri. Hakuna haja ya kungoja mradi wala mfadhili. Binti wa darasa la saba anatosha kuwa mwalimu wa bibi yake, na bibi akiona haya, basi aambiwe kama walivyoambiana watu wa Sulu: natusome, sote.

Mwenyezi Mungu amrehemu Santanina Tillah Rasul, amsamehe mapungufu yake, na ajaalie elimu aliyoiacha iwe sadaka yenye kuendelea. Awape watu wa Sulu amani waliyoingoja muda mrefu. Amin.